Mikahawa ya Kiaustralia jijini London: namna ya kuichagua, kuagiza na kuonja

Msomaji wetu wa Mombasa, ambaye mwezi ujao anakwenda London kwa mafunzo ya kazi ya wiki sita, ameandika kuuliza kuhusu mikahawa midogo ya jiji hilo inayofuata mtindo wa Australia. Amesikia ikisifiwa kuwa ndiyo yenye kahawa bora, lakini katika safari yake iliyopita aliingia katika mmoja wao, akaagiza kahawa iliyoandikwa kuwa imetoka Kenya, akaletewa kitu kichachu kama maji ya ukwaju kwa bei ambayo kwao ingewanywesha kahawa wote waliokaa barazani. Anataka kujua atautambuaje mkahawa wa kweli wa aina hiyo, ambao si tawi la kampuni kubwa, aagize nini, na je, kahawa ile ilikuwa mbovu au ni yeye ambaye hakuizoea?

Nitangulize jibu fupi: mkahawa wa aina hii hutambulika kaunta, si mlangoni. Picha ya kangaruu ukutani, jina la jiji la Melbourne, Australia, kwenye kibao au meza za mbao zilizochakazwa makusudi hazithibitishi chochote, kwa maana mapambo yananunulika. Kinachoutofautisha ni kwamba espreso, ile kahawa nzito ya kikombe kidogo inayokamuliwa kwa mashine, ambayo Waitaliano huinywa wakiwa wamesimama kisha wakaenda zao, imegeuzwa kuwa msingi wa kahawa ya maziwa inayonywewa kwa nafasi, karibu na jiko linalopika chakula cha kushiba tangu asubuhi, na mara nyingi mwenye mkahawa mwenyewe yupo hapo hapo akipokea wageni au akifuta meza. Kwa hiyo ukitaka kuupima mkahawa wa Kiaustralia, yapime maziwa yake kwanza.

Huenda ukajiuliza imekuwaje watu wa nchi iliyo mbali hivyo wawafundishe watu wa London kunywa kahawa. Mashine za Gaggia za Milano, zilizotumia mkono wa chuma kusukuma maji kwa shinikizo kubwa na kuipa espreso utandu wake wa rangi ya hudhurungi, zilianza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1940, nazo ziliingia London na Melbourne kwa kupishana miaka michache tu. Katika mtaa wa Frith, eneo la Soho, Bar Italia ilikuwapo tangu 1949, na mwaka 1953 Moka Bar ikazinduliwa katika mtaa huo huo na mwigizaji wa filamu Gina Lollobrigida. Melbourne nayo ikapata Pellegrini's, katika mtaa wa Bourke, mwaka 1954. Njia ziligawanyika baadaye. London iliirudia chai yake na kahawa ya unga ya kukoroga, na mikahawa mingi ya espreso ikafungwa, ilhali Melbourne ilikuwa imepokea wahamiaji wengi kutoka Italia na Ugiriki, watu ambao kwao kahawa ya mashine haikuwa fasheni bali mazoea ya kila siku. Majirani zao waliizoea, lakini wakaitaka iwe na maziwa mengi zaidi. Baada ya nusu karne jiji zima lilikuwa na walaji wasiodanganyika, na hilo Starbucks, kampuni kubwa ya mikahawa ya Marekani, ililigundua kwa gharama kubwa: iliingia Australia mwaka 2000, na mwaka 2008 ikalazimika kutangaza kufunga maduka 61 kati ya 84 iliyokuwa nayo.

Vijana wa Australia na New Zealand wana desturi ya zamani ya kwenda Uingereza kufanya kazi mwaka mmoja au miwili kwa viza za vijana, na wengi wao walikuwa wamewahi kushika mashine ya espreso huko kwao. Walipofika London wakakuta kahawa iliyoungua ndani ya vikombe vikubwa mithili ya bakuli. Mwaka 2005 baadhi yao walifungua mkahawa mdogo katika mtaa wa Berwick, pale Soho penye soko la wazi, wakauita Flat White kwa jina la kinywaji walichokikosa, kahawa ya espreso yenye maziwa laini. Mwaka 2008 ikafuata Lantana katika eneo la Fitzrovia, iliyoanzishwa na Mwaustralia Shelagh Ryan na kuwazoesha watu wa mtaa ule kula kifungua kinywa cha kwao. Na mwaka 2009 Peter Dore-Smith, aliyetoka Melbourne, akafungua Kaffeine katika mtaa wa Great Titchfield. Kufikia 2010 kampuni kubwa za kahawa za Uingereza zilikuwa zimekwisha kuiweka flat white kwenye orodha zao, na Januari 2015 Starbucks ikaipeleka Marekani. Australia na New Zealand bado zinagombania nani aliianza katika miaka ya 1980, ugomvi ambao mimi nawaachia wenyewe.

Hapo ndipo swali lako la mkahawa usio tawi linapokuwa gumu. Mtindo ulipopata wateja, wenye mitaji nao waliutaka. Mfano unaofundisha zaidi ni Harris + Hoole, iliyoanza mwaka 2012 ikiongozwa na ndugu watatu wa ukoo wa Tolley, Waaustralia waliokuwa na sifa njema kwa mikahawa yao ya awali ya Taylor Street Baristas. Maduka yake yalipambwa tofauti kila mtaa, yakaonekana kama ya watu binafsi, na wateja wengi hawakujua kwamba asilimia 49 ya hisa zilikuwa mikononi mwa Tesco, kampuni kubwa ya maduka ya vyakula. Ilipojulikana, magazeti yalijaa malalamiko ya watu walioona wamechezewa. Mwaka 2016 Tesco iliichukua yote, kisha mwaka huo huo ikaiuza kwa Caffè Nero, kampuni yenye mikahawa mingi. Mimi sikuwahi kuwalaumu sana wale ndugu, kwa sababu kahawa yao ilitengenezwa na watu waliofunzwa vizuri, lakini kisa hicho kinaonyesha kwamba macho ya mpita njia hayatoshi. Ukitaka kujua, uliza kaunta bila haya: mkahawa huu ni wa nani, na kahawa yenu hukaangwa na nani? Penye mwenyewe utajibiwa mara moja kwa majina, na pengine utaelekezwa kwa mtu aliyesimama nyuma ya mashine. Penye kampuni utaambiwa habari za makao makuu.

Sasa twende kaunta kwenyewe, maana hapo ndipo penye elimu. Usikimbilie meza. Simama mahali unapoweza kuiona mashine, na umtazame barista, yaani fundi wa mashine ya kahawa, akitengeneza kahawa ya mtu aliyekutangulia. Kwanza sikiliza mashine ya kusagia: inapaswa kunguruma kwa kila kikombe, kwa kuwa kahawa iliyosagwa ikaachwa hupoteza harufu yake ndani ya dakika chache. Mtaalamu huweka kiasi cha gramu 18 hadi 20 za unga katika kichujio chenye mkono, huusawazisha, huukandamiza, kisha hupitisha maji kidogo kwenye mdomo wa mashine kuusafisha kabla ya kukifunga kichujio mahali pake. Wengi huweka mizani ndogo chini ya kikombe na kufuata saa, wakitafuta gramu 36 hadi 40 za kinywaji ndani ya sekunde 25 hadi 32 hivi. Ukiona barista ameionja espreso, akakunja uso, akaimwaga na kurekebisha mashine ya kusagia huku foleni ikisubiri, usinung'unike. Umefika penyewe.

Kisha maziwa. Bomba la mvuke linapoingia katika jagi utasikia mlio mfupi wa kuchanika, sekunde mbili au tatu tu, ambapo hewa inaingizwa. Baada ya hapo sauti inapaswa kushuka na kuwa mnong'ono wakati maziwa yakizunguka na kuyavunja mapovu makubwa. Mlio ukiendelea kupiga mayowe hadi mwisho, kitakachotoka ni povu kavu linaloelea juu, na chini yake maziwa matupu. Mtaalamu huzima mvuke joto likiwa kati ya nyuzi 55 na 65, anapuliza bomba, analifuta kwa kitambaa chenye maji maji, anagonga jagi mara moja mezani na kulizungusha mpaka maziwa yang'ae. Hayo yote huchukua muda mfupi kuliko ninavyoyaeleza. Ua linalochorwa juu ya kikombe huwapendeza wapiga picha, lakini faida yake kwa mnywaji ni kuonyesha kwamba povu lilikuwa laini na lilichanganyika na kahawa badala ya kutengana nayo. Barista anayechemsha jagi moja la maziwa mara mbili, mkimbie, hata kama ua lake linashinda yote mtaani.

Nakuonya jambo moja mapema, kwa sababu watu wa kwetu huona wamepunjwa: kahawa hiyo haitakuwa ya moto wa kuunguza ulimi. Sisi tumelelewa na chai inayochemka mpaka mwisho na kahawa inayomiminwa kutoka kwenye dele juu ya makaa. Maziwa ya ng'ombe yakizidi nyuzi 70 utamu wake hupungua na harufu ya kupikwa hujitokeza, na utamu huo ndio unaomwezesha Mwaustralia kunywa bila sukari. Ukitaka ya moto zaidi, omba, watakufanyia. Lakini onja kwanza kama walivyokusudia.

Katika kuagiza, anza na flat white, na anza nayo katika kila mkahawa mpya, ili uwe na kipimo kimoja cha kulinganishia. Ni espreso mbili katika kikombe cha mililita 150 hadi 180, maziwa laini, na utando mwembamba wa povu usiozidi nusu sentimita. Kikombe kikiwa kikubwa kuliko hapo, umepewa latte, ile kahawa ya maziwa mengi, yenye jina lingine. Piccolo ni ndogo zaidi, huja katika glasi ya karibu mililita 100, nayo inawafaa wanaopenda ladha ya kahawa itangulie maziwa. Long black ni espreso iliyomiminwa juu ya maji ya moto, kwa mpangilio huo makusudi, ili utandu wake usivunjike. Kapuchino yao hunyunyiziwa unga wa chokoleti, nayo sina la kusema juu yake. Lakini ukimkuta barista aliyetoka Melbourne, na saa hiyo hapana foleni, muulize kama anaweza kukutengenezea "magic": espreso mbili zilizokatwa mapema, wakati bado ni tamu na nzito, zikaongezewa maziwa mpaka robo tatu ya kikombe kidogo. Haimo katika orodha nyingi za London, na uso wa anayekusikiliza utakuambia kama umeuliza mahali pake.

Tuje kwenye ile kahawa ya Kenya, ambayo naona ndiyo iliyokukera. Kwa maelezo yako uliletewa kahawa ya kuchuja, isiyo na maziwa, na huenda haikuwa mbovu hata kidogo. Uchachu ndio unaofanya wanunuzi wa London kugombania kahawa ya Nyeri na Kirinyaga. Sehemu kubwa ya sifa hiyo inatokana na mbegu za SL28 na SL34, zilizochaguliwa katika miaka ya 1930 na kituo cha utafiti cha Scott Laboratories, Nairobi. Na SL28 yenyewe asili yake ni mibuni ya Tanganyika, upande wa Monduli, iliyovutia wataalamu kwa kustahimili ukame. Matunda yake hukobolewa, huachwa yachachuke na kuoshwa kwa maji mengi katika viwanda vya vyama vya ushirika, na matokeo yake ni ladha safi yenye ukali wa matunda. Ukaangaji ndio unaoamua ukali huo ubaki au uondoke. Kahawa chungu ya Mombasa hukaangwa mpaka iwe nyeusi, ikachemshwa, pengine na tangawizi na iliki. Moto mwingi huua asidi na kuacha uchungu, na sisi tumejifunza kuuita uchungu huo ladha ya kahawa. Wakaangaji wanaouza kwa mikahawa hii huishia mapema, punje zikiwa bado na rangi ya mdalasini iliyokolea kidogo, ili asidi zile zisalie.

Hata hivyo upo uchachu wa uzembe, na mnywaji anaweza kuutofautisha. Subiri kikombe kipoe mpaka uweze kukishika kwa viganja bila kuona moto, kisha piga funda moja. Uchachu mzuri hufuatwa na utamu, na ladha hubaki kinywani ikibadilika, mara zabibu, mara nyanya mbivu. Uchachu wa kahawa iliyokosewa, ambayo maji yalipita haraka mno au unga ulisagwa kwa ukubwa, hushika pembeni mwa ulimi, kisha hapana kitu nyuma yake, ni maji tu. Ikiwa badala yake ulimi umekauka na kuona ukakasi, kosa ni la upande wa pili: maji yalikaa na kahawa kupita kiasi. Katika hali zote mbili una haki ya kumweleza barista kwa upole ulichokionja. Mikahawa mizuri hukutengenezea nyingine bila ubishi. Na kama baada ya hayo bado hupendi uchachu, omba kahawa ya Brazili, au ya Burundi ndani ya maziwa, ambako ukali wake hulainika na kubaki ladha inayokaribia karameli. Kutopenda asidi si ushamba.

Kuhusu chakula nitakuwa mfupi, ingawa Waaustralia wenyewe wangeniambia nimelipuuza nusu ya jambo. Parachichi lililopondwa juu ya mkate, ambalo Bill Granger alilipatia umaarufu katika mkahawa aliofungua Sydney mwaka 1993, utalikuta kila mahali, na kwa mtu aliyezoea maparachichi ya kwetu bei yake itamchekesha. Chapati nene za mahindi mabichi na mkate wa ndizi uliochomwa na kupakwa siagi vinastahili fedha yako zaidi. Kama huli nguruwe, fahamu kwamba nyama zinazoambatana na mayai asubuhi, pamoja na soseji nyekundu ya Kihispania iitwayo chorizo, kwa kawaida ni za nguruwe, na kwamba mayai huweza kukaangwa katika bamba lile lile. Uliza kabla ya kuagiza. London ni jiji lililozoea swali hilo.

Yaliyobaki ni adabu za mahali na hesabu za mfukoni. Nenda asubuhi ya siku ya kazi, kati ya saa tatu na saa nne na nusu, baada ya wafanyakazi wa ofisini kuondoka na kabla ya watu wa chakula cha mchana, kwa kuwa muda huo ndio barista ana nafasi ya kuzungumza. Jiko mara nyingi hufungwa saa tisa alasiri na mkahawa wenyewe jioni mapema, hivyo usiupange kuwa mahali pa kukutania na watu usiku. Kompyuta inaruhusiwa kwingi siku za kazi kama umenunua kitu na hukushika meza ya watu wanne, lakini Jumamosi na Jumapili wengine huikataza, na tangazo lake huwekwa mezani. Beba kadi, maana wengi hawapokei tena fedha taslimu. Flat white itakugharimu pauni 3.50 hadi 4.50 hivi; ukihudumiwa mezani, asilimia 12.5 za huduma huenda zikaongezwa kwenye hesabu, nazo ni za hiari. Usishangae pia kipande cha keki kikiwa na bei mbili: sheria ya kodi ya Uingereza hutoza asilimia 20 chakula kinacholiwa ndani, ilhali keki unayoondoka nayo haitozwi.

Kwa wiki sita zako nisingekushauri kuzunguka London nzima. Soho na Fitzrovia zimepakana, na kutoka mtaa wa Berwick hadi Great Titchfield ni mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu, hivyo unaweza kuonja flat white mbili asubuhi moja huku kumbukumbu ya ya kwanza ikiwa bado kinywani, ukapitia na mtaa wa Frith kuona Bar Italia. Siku nyingine nenda Shoreditch, ambako watu wa New Zealand waliweka sehemu za kukaangia kahawa ndani ya mikahawa yao: Allpress walifika huko mwaka 2010, Ozone mwaka 2012. Hakikisha saa za kufungua kabla ya kutoka, kwani kodi za pango za London huhamisha mikahawa kuliko unavyodhani.

Ukitaka kurudi na kahawa nyumbani, chukua pakiti ya gramu 250 ya punje zisizosagwa, iliyoandikwa tarehe ya kukaangwa na si tarehe ya kuisha muda peke yake, na uchague iliyokaangwa ndani ya wiki mbili zilizopita. Usiitie ndani ya dele pamoja na tangawizi: ukaangaji wake hafifu hauvumilii kuchemshwa, na utapata ule uchachu uliokukera bila utamu wake. Ichuje kwa maji yaliyotoka kuchemka, gramu 60 za unga kwa lita moja, na kahawa ya barazani uendelee kuinunua kwa muuzaji wako wa siku zote.